Paka mzee wa depo: tumtunze namna gani?

Ndugu wakulima wa Likasi na vijiji vya pembeni, paka aliyelinda mahindi yetu miaka mingi, akipita miaka 10, iko mzee. Kama hakamati tena panya, si uvivu: viungo vinauma, meno yanatoka. Tusimfukuze.

Chakula: umpe kidogo kidogo, mara 3 kwa siku. Kapenta uiloweke itoke chumvi, uiponde, uchanganye na bukari laini. Maji safi yawe karibu.

Malazi: mwezi wa 6 na wa 7 usiku baridi iko kali. Tandika gunia kavu chini, pasipo upepo, asipate taabu ya kuruka.

Kucha: angalia kila juma 2. Zikirefuka sana zinamchoma nyayo.

Dawa: angalisho kubwa! Parasetamoli, hata kidonge 1, inaweza kumuua paka. Sumu ya panya vilevile: panya aliyelewa sumu ndiye rahisi kukamatwa, na paka mzee atamla.

Akikataa kula siku 2, ama akinywa maji na kukojoa kupita kawaida, umwone veterineri mapema.

Panya wa depo tumwachie paka kijana. Mzee amekwisha kufanya kazi yake.