Gari la Mradi: Tusiliondolee Nguvu za Nyuma



Katika ziara zetu za kukagua miradi tumekutana na jambo ambalo tumeona ni vema tulieleze, kwa sababu linagusa fedha za wafadhili na pia uhai wa watu. Ni tabia ya kuliendesha gari la magurudumu manne (4WD) kwa magurudumu ya mbele tu.

Katika parokia moja ya milimani, gari la zahanati lilianza kutoa mlio kwa chini. Fundi alishauri propela shafti, yaani chuma kirefu kinachopeleka nguvu nyuma, itolewe. Alisema gari litavuta kwa mbele na petroli itapungua. Kamati ilikubali, kwani fungu la matengenezo lilikuwa limekwisha. Kiangazi chote hapakuwa na tatizo. Masika ilipoanza, gari lilikwama mlimani usiku likiwa na mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu. Wanakijiji walilisukuma kwa zaidi ya saa moja. Mama alijifungua salama hospitalini, nasi tunamshukuru Mungu. Lakini mlima huo gari lilikuwa likiupanda kila mwaka bila kusukumwa.

Kwa nini lilikwama?

Gari linapopanda mlima, uzito wake huegemea nyuma. Abiria wa nyuma na maboksi ya dawa huongeza uzito huo. Magurudumu ya mbele hubaki mepesi, hayashiki ardhi vizuri, na yakibebeshwa nguvu zote huzunguka bure kwenye tope. Hayo hayo ndiyo yenye kazi ya kukata kona. Tairi inayoteleza haivuti wala haiongozi. Dereva anaweza kuzungusha usukani, gari likaendelea kwenda moja kwa moja kuelekea korongoni.

Kwa hiyo, ukiondoa nguvu za nyuma, umeziondoa pale zinapohitajika zaidi. Safari ya mlima, tope na mzigo ndiyo sababu tuliyompa mfadhili tulipoomba gari la magurudumu manne.

Magari hayafanani

Kuna magari yaliyotengenezwa yaweze kwenda kwa mbele tu. Nissan X-Trail za mwanzo zina swichi yenye 2WD, AUTO na LOCK. Kutumia 2WD kwenye barabara kavu hakuna ubaya. Hatari ni dereva kusahau kuibadili anapoacha lami.

Baadhi ya Subaru za otomatiki za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina nafasi ya fyuzi iliyoandikwa FWD. Ukiweka fyuzi pale, nguvu za nyuma hukatwa na taa huwaka kwenye dashibodi. Nafasi hiyo iliwekwa kwa ajili ya dharura, pale gari linapofungwa spea ndogo ya muda, ili lifike kwa fundi. Haikukusudiwa kutumika miezi sita.

Aina ya tatu ni magari yanayovuta kwa magurudumu yote wakati wote, kama RAV4 za 4WD za mwaka 2000 hadi 2005. Haya ndiyo yanayoumia zaidi. Yana difu ya katikati inayogawa nguvu mbele na nyuma. Propela ikitolewa, difu hiyo hupeleka nguvu upande usio na kazi. Kinacholisogeza gari ni kifaa kimoja tu chenye sahani nyembamba ndani ya mafuta mazito ya silikoni, kilichowekwa kusaidia kwa muda mfupi gurudumu linapoteleza. Kikibebeshwa mzigo wote kila siku hupata moto na kuharibika. Hapo injini itanguruma lakini gari halitaondoka. Kukitengeneza ni gharama kubwa kuliko krosi au beringi ya propela iliyokuwa ikipiga kelele.

Land Cruiser za aina ya hardtop hazimo katika maelezo haya, kwani kwa kawaida husukumwa na magurudumu ya nyuma, na ya mbele huingizwa kwa giya.

Chanzo mara nyingi ni tairi

Kamati nyingi hununua tairi mbili mpya na kuacha mbili kuukuu. Tairi iliyolika ina mzunguko mdogo kuliko mpya, hivyo mbele na nyuma hushindana muda wote gari linapotembea. Kwa Subaru, tofauti ya mzunguko inayoruhusiwa ni takriban milimita 6 tu. Na gari linalovuta kwa mbele peke yake humaliza tairi za mbele haraka, kwa hiyo siku propela ikirudishwa, tatizo huwa kubwa zaidi.

Tunaziomba kamati zifanye yafuatayo:

(a) Propela isitolewe bila kamati kuarifiwa kwa maandishi. Ikibidi kutolewa, gari lisipangiwe safari za wagonjwa milimani, na tarehe ya kuirudisha iandikwe.

(b) Tairi zote nne ziwe za saizi na aina moja, zinunuliwe pamoja, na zibadilishwe nafasi mara kwa mara.

(c) Dereva aandike kwenye daftari la gari kila mlio mpya na kila taa inayowaka.

(d) Gari la aina hii likiharibika, lisivutwe huku magurudumu mawili yameinuliwa na mawili yanazunguka. Libebwe juu ya lori.

(e) Anayetaka kupunguza petroli aanze na upepo wa tairi, chujio la hewa, mwendo wa wastani na safari zisizo za lazima.

Dereva naye akumbuke kwamba magurudumu manne husaidia kupanda, hayasaidii breki. Kwenye mteremko wenye utelezi mwendo uwe mdogo kwa gari lolote.

Kwa wafadhili wetu tunasema hivi: mnapotoa gari, tafadhali fikirieni pia fungu la matengenezo. Kamati ile ilikosa fedha za kipuri kimoja, ndipo ikakubali ushauri ule.