Lapi Mpya ya Bei ya Chini: Jua Nini Kimekatwa Kabla Utoe Doo

HELB ikiingia, makomredi wengi hukimbilia tao kusaka lapi mpya ya bei ya chini. Inang'aa, stika ya Intel iko, na muuzaji anaapa hiyo ni moto. Lakini bei haishuki bure, msee. Kuna kitu kimekatwa ndani.

Prosesa ina kori, ndio mafundi wanaopiga kazi. Pia ina kache, memori ndogo yenye spidi kali inayokaa karibu nao. Fikiria fundi wa jua kali: kache ni spana ziko mfukoni, ramu ni zile ziko stoo. Mfuko ukiwa mdogo, kila saa ni mbio za stoo. Na kwa vile kache hukula nafasi na pesa, kampuni zikitaka kushusha bei hupenda kuikata.

Intel waliwahi kukata hadi wakazidisha. Aprili 1998 walitoa Celeron ya kwanza, 266 MHz. Pentium II ya wakati huo ilikuwa na kache ya L2 ya KB 512. Celeron? Sufuri. Ikawa nzito, watu wakaiponda. Agosti hiyo hiyo wakaleta Celeron 300A yenye KB 128 tu, lakini ndani ya chipu yenyewe, ikikimbia spidi sawa na prosesa. Ya Pentium II ilikimbia nusu. Hiyo 300A ilibamba mbaya, hadi wasee wakaisukuma kutoka 300 mpaka 450 MHz. Kumbe shida si kukata, ni umekata wapi.

Sasa cheki za leo. Celeron N4020 ina kori 2 na kache ya MB 4. Core i5-8250U ya 2017 ina kori 4 zinazobeba kazi 8 kwa mpigo, na kache ya MB 6. So ex-UK yenye hiyo i5 inaweza kuipita mpya mbali sana. N4020 nayo ina utamu wake: inatumia wati 6 tu, haichemki ovyo. Kuandika assignment na kucheki YouTube, iko sawa. Kuedit video? Utangoja mpaka chai ipoe.

Kwa kompyuta ya mezani, mkato mwingine uko kwa chipseti, ile chipu ya ubao inayounganisha prosesa na USB, diski na kadhalika. Intel H610 inakupa nafasi 2 za ramu, na hairuhusu kusukuma spidi ya prosesa. Kama hukuwa na hiyo mpango, hujapoteza kitu. Hiyo doo weka kwa SSD.

Ukifika duka, uliza hivi:

- Jina kamili la prosesa ni gani? "Ni Intel" si jibu.
- Kori ngapi, kache ngapi?
- Ramu inaongezeka ama imechomelewa kwa ubao?
- Ni SSD ama eMMC?
- Kama ni ex-UK ya Intel, ni kizazi cha 8 kwenda juu? Chini ya hapo, Windows 11 haiitambui rasmi. Na betri je?

Muuzaji akianza kuzunguka, hepa. Duka ni mingi.