Nusu na robo kwenye mizani: tuzizidishe namna gani?

Ndugu walimaji, huku Kivu kahawa mbivu inapimwa kwa ndoo, na karani anaandika kilo kwenye daftari. Tuseme ndoo moja, uzito wa ndoo tupu ukiisha kutolewa, ina kilo 12¾, ni kusema kumi na mbili na robo tatu. Mama mmoja analeta ndoo 8 zenye uzito sawasawa. Atalipwa kilo ngapi?

Kosa la mara nyingi ni hili: karani anazidisha 12 kwa 8, anapata 96, kisha anabandika ile robo tatu pembeni, anaandika 96¾. Lakini robo tatu haiko kwenye ndoo moja tu. Iko kwenye zote nane!

Tuzidishe kwanza kilo nzima: 12 × 8 = 96. Halafu vipande: robo tatu mara nane ni robo 24. Robo nne ni kilo moja, basi robo 24 ni kilo 6. Tukijumlisha, 96 na 6, ni kilo 102. Yule mama alikuwa anapoteza kilo 5¼ kwa siku moja, na hakuna mtu aliyemwibia kwa kusudi.

Wengine wanasema, "Andika tu 13, iishe." 13 × 8 ni 104. Hapo sasa ni koperative inayolipa feza ya kilo 2 ambazo haziko.

Isipotoka kamili, tusiogope. Ndoo zikiwa 7: kilo nzima ni 84, vipande ni robo 21, yaani kilo 5 na robo moja inabaki. Jumla 89¼.

Kwenye telefone, robo ni 0,25, nusu ni 0,5, robo tatu ni 0,75. Tubonyeze 12,75. Anayebonyeza 12,3 kwa sababu amesikia neno "tatu" atapata 98,4, na mama anapunjwa tena.

Mbegu nazo ni vilevile. Wanachama 9, kila mmoja kilo 2½ za maharagi: 18, pamoja na nusu tisa ambazo ni 4½, ni kilo 22½. Aliyenunua 18½ ataliona kosa siku ya kugawa: watu saba wanapata fungu lao, wa nane anapewa kilo moja tu, na wa tisa anarudi nyumbani na mufuko mtupu, mvua imeisha kuanza.