Maji na mwinuko: maadui wa kipimo cha pumzi chumba cha upasuaji

Mgonjwa aliyelazwa usingizi hawezi kusema kwamba hewa haimfikii. Vipimo ndivyo vinavyomsemea. Oksimita ya kidoleni imezoeleka, lakini huchelewa. Aliyevutishwa oksijeni ya kutosha anaweza kukaa dakika kadhaa bila namba kushuka, hata kama mpira wa kupumulia umeingia kwenye umio badala ya njia ya hewa. Kapnografu, inayopima kabonidayoksaidi katika pumzi inayotoka, huonyesha kosa hilo ndani ya pumzi chache: mstari unalala. Ila mstari ukilala ovyo mara mbili tatu, watu huacha kuuamini, na hapo ndipo penye hatari.

Mara nyingi chanzo ni maji. Pumzi hutoka mapafuni ikiwa na joto la nyuzi 37 na mvuke tele. Kapnografu nyingi huvuta sampuli ya pumzi hiyo kwa mrija mwembamba, na asubuhi za Juni na Julai, kwenye baridi ya Umatengo, nyanda za juu za Mbinga, mvuke hugeuka matone humo ndani. Tone moja latosha kuuziba. Kwa hiyo kabla ya mgonjwa wa kwanza kikombe cha kunasia maji humwagwa, mrija ulioloa hubadilishwa, na mahali unapoungwa upande wa mgonjwa huelekezwa juu ili maji yasitiririkie humo. Kisha mtaalamu wa usingizi hupuliza pumzi yake mwenyewe mrijani na kutazama wimbi likipanda na kushuka. Ni kazi ya sekunde chache, na haifai kurukwa hata foleni ikiwa ndefu.

Sensa ya oksijeni ya mashine ya usingizi ina tabia nyingine. Nyingi haziioni asilimia moja kwa moja, bali mgandamizo wa oksijeni hewani, nao hupungua kadiri unavyopanda. Uso wa Ziwa Nyasa uko kama mita 475 juu ya bahari. Mji wa Mbinga uko juu ya mita 1,300. Sensa iliyorekebishwa Mbinga ikishushwa Liuli au Mbamba Bay, ufukweni mwa ziwa hilo, bila kurekebishwa upya, hewa ya kawaida yenye asilimia 21 itasomeka karibu 23. Mtaalamu ataamini mgonjwa anapata oksijeni nyingi kuliko anayoipata kweli. Dawa yake ni kuirekebisha upya kwa hewa ya chumba hichohicho cha upasuaji.

Sensa hizi pia huchakaa hata zisipotumika, kwa kuwa kemikali zake huanza kuliwa mara tu zinapokutana na hewa. Halmashauri inaponunua mashine, bajeti ya kila mwaka itenge fedha za sensa, mirija na vikombe vya maji, na sensa ya akiba ibaki kwenye pakiti yake hadi siku ya kufungwa.