Mbegu Itengwe Kabla ya Mizani

Wahenga walisema akiba haiozi. Hata hivyo, akiba ya mbegu huoza, tena upesi, ikitiwa chomboni kabla haijakauka. Kila mwaka wapo wakulima wa Masasi na Newala wanaofungua debe mvua zikianza wakakuta vumbi na fukusi.

Hasara hiyo ni kubwa kwa sababu eneo hili lina msimu mmoja tu wa mvua, kwa kawaida kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Mbegu isipoota, siku za kupanda upya ni chache. Aidha, tangu utaratibu wa stakabadhi ghalani ulipoanza kwa korosho mkoani Mtwara mwaka 2007, na baadaye kuenea kwenye ufuta na mbaazi, mazao hukusanywa na kuuzwa kwa pamoja. Mwanachama anayepeleka mbaazi zake zote mizanini hulazimika kununua mbegu mwezi wa Desemba, asijue zilikotoka.

Kuchagua. Mbegu huchaguliwa shambani mimea ikiwa bado imesimama, wala si kwenye masalio ya jikoni. Mimea yenye afya na mazao mengi ifungwe ukindu iwe alama. Kunde yenye majani ya batobato iachwe, kwani ugonjwa huo waweza kurithiwa kupitia mbegu. Kunde, karanga na njugu mawe hujichavusha zenyewe, hivyo aina yake haibadiliki kwa urahisi. Mahindi hupokea chavua iletwayo na upepo, na mbaazi huchanganywa na nyuki. Kwa hiyo mbegu zake zichukuliwe katikati ya shamba, kutoka mimea mingi. Mahindi chotara hayafai kuwekwa mbegu, maana kizazi cha pili hakifanani na cha kwanza.

Kukausha. Mbegu zianikwe juu ya mkeka au turubai, si kwenye udongo mtupu, na ziingizwe ndani kila jioni. Zile za mboga, kama mchicha, bamia na nyanya, zikaukie kivulini penye hewa. Njia rahisi ya kupima ni kutia mbegu na chumvi kavu katika chupa kavu, kutikisa, na kungoja robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu ungalipo. Ikibaki kavu, mbegu ziendelee kuanikwa siku mbili au tatu zaidi. Jasho hilo lina malipo: kwa makadirio ya wataalamu, kila asilimia moja ya unyevu inayopungua huongeza uhai wa mbegu karibu maradufu.

Kuhifadhi. Fukusi wa kunde hutaga mayai tangu maganda yakiwa shambani, hivyo mbegu isiyoonyesha tundu yaweza kuwa na mdudu ndani. Chombo kijazwe hadi juu na kufungwa barabara, kiwe debe, chupa au kibuyu kilichozibwa kwa nta. Mdudu hukosa hewa akafa. Majivu makavu yaliyochekechwa, yakichanganywa na mbegu, humzuia kutembea na kutaga. Karanga zihifadhiwe na maganda yake, zibanguliwe karibu na kupanda. Mahindi ya kutundikwa juu ya meko, kama akina mama wafanyavyo tangu zamani, hulindwa na moshi na joto; lakini yakaguliwe mara kwa mara kwa sababu ya dumuzi.

Kujaribu. Mwishoni mwa Oktoba zihesabiwe mbegu 100, zifungwe katika kitambaa chenye unyevu kwa siku saba. Zikiota 80 au zaidi, mbegu ni njema. Zikiota kati ya 60 na 80, zipandwe nyingi zaidi katika kila shimo. Zikipungua hapo, itafutwe mbegu nyingine mapema, wakati bado ipo.

Hapana budi makatibu wa vyama kulieleza jambo hili kwenye mkutano kabla ya msimu wa kukusanya mazao, wala si baada yake. Chama chenye wanachama hodari chaweza pia kuomba ushauri wa Kituo cha Utafiti cha Naliendele, na kufuata taratibu za Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 ili kikundi kizalishe mbegu za Daraja la Kuazimiwa. Lakini hatua ya kwanza haihitaji kibali: mwanachama atenge kibaba chake cha mbegu nyumbani, ndipo gunia liende mizanini.