Mwanadamu Alianza Lini Kujitambua?

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyetutunukia akili. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu, wanafunzi wetu, hapa Kibuta na kwingineko, hulikuta vitabuni swali hili: mwanadamu alianza lini kujitambua, yaani kuitazama nafsi yake na kuihoji kwa matendo yake?

Mwaka 1976 Julian Jaynes, mtaalamu wa elimu ya nafsi wa Marekani, alitoa kitabu akidai kuwa jambo hilo lilizuka yapata miaka 3,000 tu iliyopita. Kwa rai yake, watu wa Iraki ya kale na Wayunani wa kale hawakuwa wakijishauri. Upande mmoja wa ubongo ulitoa amri, wa pili ukaisikia kama sauti ya mungu, nao wakatii. Hoja yake kubwa aliitoa katika utenzi wa Homer, ambamo mashujaa huongozwa na miungu.

Na tuipime rai hiyo kwa insafu. Utenzi hutuonyesha desturi ya watungaji; hautufunulii vifua vya watu wote. Tena upo ushahidi wa kale zaidi, nao umetoka pwani yetu hii. Katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi, nchini Kenya, wataalamu walifukua mifupa ya mtoto wa umri wa miaka mitatu hivi, wakatangaza habari zake mwaka 2021. Alizikwa miaka 78,000 iliyopita. Alichimbiwa shimo, akalazwa kwa ubavu, miguu imekunjwa. Dalili zaonyesha kuwa alifungwa kwa kitu mfano wa sanda, na kichwa kikawekewa mto. Vyote vimekwisha kuoza.

Kaburi hilo halitwambii yote waliyoyawaza waliozika. Lakini amwekeaye mto mtoto asiyeamka tena, ni vigumu kumwita mtu asiyejijua.

Nasi twakumbuka kisa cha wana wawili wa Adam katika Suratul Maida: muuaji alifunzwa na kunguru kumsitiri nduguye, papo hapo akajuta. Maziko na majuto vimetajwa pamoja.

Basi, ndugu zangu, tuwafundishe vijana kuzisoma rai za wataalamu bila hofu na kuzidai ushahidi. Na kila mmoja wetu aihesabu nafsi yake kabla haijahesabiwa, kwani kujitambua ni amana. Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.