Tunachangia msiba haraka, mbona mtoto mgonjwa anasubiri?

Kwa saratani ya taya, ugonjwa ambao Mara inaujua kwa miongo mingi, nauli ya wiki hii inaokoa zaidi kuliko rambirambi ya mwezi ujao.

Ukitaka kuona jinsi watu wa Mara wanavyojua kuchangishana, nenda msibani. Kabla turubai halijafungwa vizuri, daftari la rambirambi limeshafunguliwa, mweka hazina ameshapatikana na namba ya kupokea fedha imeshazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, kuanzia Nyasho mjini Musoma hadi kwa ndugu walioko Dar es Salaam. Iwe Bunda, iwe Butiama, jirani asiyetoa chochote hujisikia vibaya hata kama hakuna aliyemwambia neno.

Mambo hubadilika pale anayehitaji mchango ni mtoto mgonjwa. Familia hukaa kimya kwanza kwa kuona aibu. Baba huuza mbuzi, kisha ng'ombe. Mama hukopa kwenye kikoba. Majirani hupewa taarifa wakati kila kitu kimeshauzwa, na mara nyingi wakati ugonjwa umeshasonga mbele.

Kwa magonjwa mengi, kuchelewa huko kunaumiza. Kwa saratani moja ya watoto inayojulikana sana Kanda ya Ziwa, kunaua.

Uvimbe usiosubiri

Wengi huiita saratani ya taya. Kitaalamu ni limfoma ya Burkitt, saratani inayotokana na aina ya seli nyeupe za damu. Huwapata zaidi watoto wa kati ya miaka 4 na 9, na wavulana kuliko wasichana. Mara nyingi huanza kama uvimbe kwenye taya, meno yakalegea bila sababu. Kwa watoto wengine jicho hutokeza nje, na kwa wengine uvimbe huwa tumboni, hivyo mzazi hudhani ni minyoo au bandama.

Kinachoutofautisha ugonjwa huu na mwingine ni kasi yake. Uvimbe wake ni miongoni mwa vimbe zinazokua haraka kuliko zote kwa binadamu, na unaweza kuongezeka mara mbili ndani ya siku moja hadi mbili. Mtoto aliyeonekana Jumatatu kama ana jino bovu, wiki mbili baadaye anaweza kuwa na uso ambao hata shangazi yake hautambui.

Kasi hiyohiyo ndiyo inayoufanya utibike. Dawa za saratani zinazopitishwa kwenye mshipa, yaani tibakemia, hushambulia zaidi seli zinazogawanyika haraka. Ndiyo maana uvimbe huu huweza kunywea ndani ya siku chache baada ya dozi ya kwanza. Mtoto anayefika mapema na kumaliza mizunguko yote ya dawa ana nafasi nzuri ya kupona kabisa, akarudi shuleni, akakua.

Tatizo ni maneno mawili: mapema na kumaliza. Yote mawili yanahitaji fedha.

Fedha zinakwenda wapi hasa

Wengi tukisikia saratani tunadhani mchango unatafutwa kwa ajili ya dawa ya mamilioni. Kwa watoto, mara nyingi gharama inayokwamisha ni ndogo kuliko hiyo, ila inajirudia.

Mtoto wa Musoma, Bunda au Butiama anayeshukiwa kuwa na saratani hupewa rufaa, na hospitali kubwa ya kanda ni Bugando, Mwanza. Kutoka Musoma ni takriban kilomita 220. Safari ya kwanza ni ya vipimo, ukiwamo ule wa kukata kinyama kidogo cha uvimbe ili kichunguzwe. Baada ya hapo dawa hutolewa kwa mizunguko, na kila mzunguko una tarehe yake. Mtoto anayeishi mbali ana njia mbili: arudi nyumbani na kwenda tena kila tarehe, au abaki karibu na hospitali kwa wiki kadhaa pamoja na mama.

Hapo ndipo hesabu huanza. Kuna nauli ya watu wawili, chakula cha mama wodini, vipimo vidogovidogo na vocha ya simu. Kule nyumbani kuna watoto wengine wanaohitaji kula, na mama aliyekuwa akiuza dagaa au mboga sasa hauzi kitu. Baada ya mzunguko wa pili, uvimbe umenywea, mtoto anacheza, fedha zimekwisha. Familia inaona bora ipumzike kidogo. Saratani inarudi, na safari hii ni ngumu kuliko mara ya kwanza. Kuacha matibabu njiani ni moja ya sababu kubwa zinazofanya watoto wa nchi zetu wafe kwa saratani ambazo kwingine zinapona. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki hata asilimia 30.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi hulijua wakiwa wameshafika dirishani. Sera ya nchi inawasamehe watoto wa chini ya miaka mitano gharama katika vituo vya serikali. Saratani hii hupenda umri wa miaka mitano hadi tisa, yaani wengi wao wameshavuka mstari huo. Nayo bima ya kaya ya CHF iliyoboreshwa, iliyokuwa ikilipiwa Sh30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, ilikuwa ikiishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, kwa hiyo kabla ya kuanza safari, muulize mtoa huduma wako kadi uliyonayo inafika wapi.

Mara ilivyoifundisha dunia

Huenda mzazi wa Mara hajui kwamba sehemu ya elimu ambayo dunia inayo kuhusu saratani hii imetoka kwa watoto wa mkoa wake.

Ugonjwa huu umepewa jina la daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Hospitali ya Mulago, Kampala. Alichapisha maelezo yake ya kwanza mwaka 1958. Mwaka 1961, yeye na madaktari wenzake wawili walipanda gari kuukuu na kuzunguka Afrika Mashariki na Kusini kwa takriban wiki 10, zaidi ya kilomita 16,000, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama zimewaona watoto wenye uvimbe wa aina hiyo. Walikuwa na fedha kidogo sana za utafiti. Walichorudi nacho ni ramani: ugonjwa unaonekana zaidi kwenye joto na mvua, maeneo ambayo yanafanana mno na maeneo ya malaria. Mwaka 1964, wanasayansi wa London waliochunguza vinyama vya uvimbe vilivyosafirishwa kutoka Uganda waligundua kirusi ambacho leo kinaitwa Epstein-Barr.

Swali la malaria lilirudi Mara. Kati ya mwaka 1977 na 1982, watoto wa iliyokuwa Wilaya ya North Mara, yaani Tarime na Rorya za leo, walipewa klorokwini mara kwa mara ili ionekane kama kupunguza malaria kutapunguza saratani ya taya. Wagonjwa walipungua, kisha wakaongezeka tena baada ya mradi kusimama. Watafiti hawakushangilia haraka, kwa sababu ugonjwa ulikuwa umeanza kupungua hata kabla ya mradi. Kati ya 2010 na 2016 utafiti mkubwa zaidi ulifanyika Tanzania, Kenya na Uganda, na Mara ilishiriki tena. Watoto zaidi ya 800 wenye ugonjwa huo walilinganishwa na karibu 3,000 wasio nao, na uhusiano wake na malaria ukazidi kuungwa mkono.

Kwa hiyo chandarua unachomfunika mtoto usiku kinazuia zaidi ya homa. Malaria ya mara kwa mara, pamoja na kirusi hicho ambacho karibu watoto wetu wote hukipata wakiwa wadogo, ndiyo inayotajwa kuandaa njia ya saratani hii. Watoto wengi wenye vyote viwili hawaugui, na mzazi ambaye mwanaye ameugua hana kosa. Wala hakuna aliyemloga.

Jina linalotisha

Moja ya sababu za kuchangia kwa kusuasua ni kwamba hatuamini mgonjwa wa saratani anapona. Watu wa Butiama wana kumbukumbu ya karibu kuliko wengine: Mwalimu Julius Nyerere, mtoto wa kijiji hicho, alifariki Oktoba 14, 1999 katika Hospitali ya St Thomas, London, akiugua saratani ya damu. Wengi walijiuliza: kama Baba wa Taifa hakupona akiwa London, mwanangu atapona wapi?

Lakini saratani ya mzee wa miaka 77 na ya mtoto wa miaka sita si ugonjwa mmoja. Saratani za watoto, kwa ujumla, huitikia dawa vizuri zaidi. Mwaka 2018 WHO ilianzisha mpango wa dunia wa saratani za watoto unaolenga angalau asilimia 60 ya watoto hao wapone ifikapo 2030, na limfoma ya Burkitt ni moja ya saratani sita zilizochaguliwa kuanza nazo, kwa sababu zinatibika.

Anayetoa Sh2,000 akiamini mtoto atakufa anatoa rambirambi ya mapema. Anayetoa akijua anaweza kupona atauliza tarehe ya mzunguko unaofuata.

Mchango unaomfikisha mtoto mwisho

Tuchukue hesabu ya mfano. Tuseme safari moja ya mama na mtoto kwenda na kurudi, pamoja na chakula, inagharimu Sh80,000. Kaya 40 zikitoa Sh2,000 kila moja, safari imelipwa. Kwa mizunguko sita, kila kaya itakuwa imetoa Sh12,000. Mtaani kwako, mmetoa kiasi gani kwa sherehe moja ya kumuaga bibi harusi?

Ili mchango wa aina hii ufanye kazi, mambo machache yazingatiwe.

Kwanza, changeni kwa tarehe. Mchango mkubwa wa siku moja huisha kwenye safari ya kwanza. Andikeni tarehe za mizunguko yote na mgawane: wiki hii jumuiya ya kanisa au msikiti, wiki ile kikundi cha kusaidiana, inayofuata waliosoma na baba.

Pili, wawepo watu watatu wa kusimamia, na angalau mmoja asiwe ndugu wa mgonjwa. Kila safari ikiisha, matumizi yatumwe kwenye kundi, hata kama ni mistari minne tu. Watu huacha kuchangia wanapokosa mrejesho zaidi ya wanapokosa fedha.

Tatu, gharama za hospitali ya serikali zilipwe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na hospitali. Kila mmoja ataiona risiti.

Nne, kabla ya kuchanga, mzazi amwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Huyo ndiye anayeshughulikia misamaha na kujua mashirika yanayosaidia. Tumaini la Maisha, shirika la Kitanzania lililoanzishwa 2011, linashirikiana na Muhimbili na hospitali nyingine, Bugando ikiwamo, ili watoto wenye saratani watibiwe bila familia kufilisika. Usilipie ambacho mtoto wako angepewa bure.

Tano, linda heshima ya mtoto. Picha ya uso uliovimba inayosambazwa leo itamfuata akishapona na kuingia sekondari. Sheria ya Mtoto ya 2009 inalinda utu na faragha yake. Barua ya rufaa iliyofichwa jina na barua ya serikali ya mtaa au kijiji vinatosha kuwaaminisha watu.

Ukiombwa mtoto ashiriki utafiti

Sehemu zetu hadithi za mumiani hazijafa, na mtafiti anayetaka kuchukua damu ya mtoto hutazamwa kwa wasiwasi. Wasiwasi si mbaya, uwe maswali. Uliza kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Uliza damu itapelekwa wapi, majibu utayapata lini, na nani alipe nauli yako. Hupaswi kulipia chochote kushiriki. Una haki ya kukataa, na una haki ya kujitoa katikati bila mtoto kunyimwa matibabu.

Ukikubali, nao ni mchango. Wazazi wa Mara waliokubali watoto wao watolewe damu hawakutoa shilingi, lakini walichotoa kinasaidia madaktari wa Kampala hadi London.

Dalili za kuchukua hatua leo

Mpeleke mtoto kituo cha afya haraka ukiona uvimbe wa taya au shingo unaokua kwa siku badala ya miezi, meno yanayolegea kabla ya umri wake, jicho linalotokeza, au tumbo linalojaa huku mwili ukikonda. Usikubali jino ling'olewe mara ya pili kwa uvimbe uleule bila mtoto kuchunguzwa zaidi. Ukiambiwa subiri mwezi na uvimbe unaongezeka kila siku, nenda hospitali ya wilaya au ya Mwalimu Nyerere pale Kwangwa, Musoma, na omba rufaa.

Na ukisikia jirani amepewa rufaa hiyo, usisubiri daftari lifunguliwe. Muulize swali moja: safari ni lini?